Picha Nne Nyeusi

Picha ya kwanza ilitokea nyeusi tii.

Watu walionyoosha shingo barazani kwa mzee Ridhiwani walidhani televisheni imegoma. Mtu mmoja tu hakushangaa. Huseni alikaa pembeni na kikombe chake cha chai, moyo ukimdunda kwa raha. Siku nne nzima alikuwa akiisubiri picha hiyo.

Miaka kumi na miwili hakuna harusi iliyofungwa Kitomanga bila yeye kuipiga picha. Halafu akaja huyu Yustina, binti wa Kimakonde, na kikamera chake kidogo, akapewa harusi ya Mwanahija, binti wa mzee. Huseni akaalikwa kula tu, kama jirani yeyote. Na leo wakwe wa Nyangamara wamekuja na wao. Wana harusi nyingine mwezi ujao, wanataka kuona kazi kabla ya kuchagua mpiga picha. Wakimchukua Yustina, basi Huseni ajue mkate wake umekwenda, arudi kupalilia mikorosho ya baba yake.

Ila Huseni alikuwa anajua jambo ambalo wenzake hawakulijua.

Asubuhi ya harusi aliikagua ile kamera kwa jicho la husuda. Ni ya kisasa, inatumia kadi, lakini nyuma haina kioo. Picha huzioni mpaka urudi nyumbani. Wala mpigaji hachungulii kwenye lenzi. Ana kidirisha chake pembeni, humo sura ya mtu inaonekana mara mbili, naye anazungusha lenzi mpaka sura mbili ziwe moja. Lenzi ikizibwa, kidirishani mambo yote ni kama kawaida.

Na ilikuwa imezibwa! Kifuniko kimekaa pale mbele, na Yustina anapiga tu, anawapanga mashangazi, anawaambia watabasamu. Huseni alisimama hatua tatu kutoka kwake, kitumbua mkononi. Neno moja lingetosha. Badala yake akacheka, akacheka mpaka akafumba macho, kisha akageuka akijifuta machozi kwa kanzu, akaenda zake nyumbani kabla bwana harusi hajafika. Huko akalala usingizi mtamu.

Picha ya pili, nyeusi. Ya tatu, nyeusi.

"Mwanangu Yustina," mzee Ridhiwani aliita. "Ndoa ya binti yangu iko wapi?"

"Zinakuja, baba. Subirini kidogo."

Wakwe walianza kunong'onezana. Bi Ziada, dada wa mzee, akajishika kichwa. "Mama alinyanyuka kitandani siku ile ili apigwe picha na mjukuu wake. Hali yake ya sasa mnaijua. Atanyanyuka tena lini?"

Picha ya nne ilikuwa nyeusi vilevile. Hapo Huseni alishindwa kujizuia. Akasimama, chai ikamwagika.

"Hakuna kinachokuja!" alifoka. "Huyu kawapigia harusi nzima kifuniko kikiwa kwenye lenzi. Nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa mbele yake pale! Mlimwacha fundi mkamfuata mtu asiyejua hata kufungua kamera. Haya, kuleni jeuri yenu."

Mzee Ridhiwani aligeuka taratibu akamtazama.

"Ulimwona?"

"Wallahi nilimwona, mzee."

"Na ukanyamaza?"

"Mimi sikuwa kazini," Huseni alisema, na aliisikia mwenyewe aibu ya maneno hayo.

Bi Ziada akamsonya. Mkwe mmoja akasogeza kiti chake mbali naye. Lakini hayo Huseni aliyavumilia, maana hasira za watu hupoa, na harusi ya picha nyeusi haisahauliki. Alimkazia macho Yustina ili amwone akilia.

Yustina hakulia. Hakuonekana hata kukasirika, na hilo lilimchoma Huseni kuliko tusi. Akabonyeza.

Televisheni ikajaa jua la asubuhi. Picha ya tano ilikuwa safi, hata ukingo wa kitumbua ulionekana: Huseni mwenyewe, ndani ya kanzu, macho kayafumba, meno yote nje, anacheka.

"Nilimwona anaitazama lenzi yangu, halafu anacheka," Yustina alimwambia mzee. "Nikajiuliza huyu anacheka nini. Ndipo nikapapasa kwa mbele."

Akabonyeza tena, akatokea bibi amemkumbatia Mwanahija.

"Zilizobaki zote zipo, baba. Mshukuruni kaka Huseni."