Prizi ya Sakafuni

"Chini hapo musitoboe, ata tundu moja." Sauti ya Polycarpe ilitoka kwenye simu iliyolazwa juu ya vigae. "Waya yote ipite yulu. Umesikia, fundi?"

"Nimesikia, tata," alijibu Kabemba, fundi wa umeme kutoka mtaa wa Manika.

Simu ikakatika. Mignonne, mke wa Polycarpe, aliinua macho. Juu kulikuwa na vioo, kama kulivyokuwa na vioo pande zote nne.

Polycarpe alikijenga chumba hicho nyuma ya nyumba mkewe alipokuwa Lubudi kwenye matanga ya mama yake. Aliporudi, mumewe alimshika mkono na kumwingiza. "Utakaa na mwanga bila kutoka inje," alimwambia. Tangu siku hiyo Mignonne hakuvuka geti. Polycarpe aliuza madini, na alisema watu wenye wivu wangeweza kumteka mkewe. Misa aliisikiliza redioni. Akimkaribia mlinzi wa getini, jibu lilikuwa lilelile: "Tata alikataza, mama."

Aliomba kitu kimoja tu. Jioni akishona, taa moja ya juu ilimulika vioo kwa ukali hata asione bustani, ila sura yake mwenyewe, kila upande. Alitaka taa za kusimama chini, ambazo mwanga wake unaweza kupunguzwa.

Kabemba alitandika kitambaa, akapanga prizi tatu, soketi za kuchomekea taa. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki. Ya pili ilijitokeza ukiibonyeza. Ya tatu ilikuwa ya shaba, na kifuniko cha kukaza.

"Hii ya shaba, ukipanguza, maji haiingie," alisema. "Na hii swichi unaizungusha tu, mwanga inashuka pole pole. Lakini bila ukuta, mama, prizi inakaa chini. Yulu ni bioo, waya itaonekana yote."

Mignonne aliipokea ile ya shaba, akaigeuzageuza. Mikono yake bado ilinuka moshi. Kila asubuhi alisonga bukari, ugali wa kwao, na kupika maharage kwa ajili ya wachimbaji wa mumewe, sufuria kubwa mbili. Polycarpe mwenyewe ndiye aliyezibeba hadi depo, ghala la nyuma, lilipoegeshwa gari lake. Zilirudi tupu kabla hajamaliza kufagia.

Vigae vilitetemeka kidogo chini ya miguu yao. Kabemba akashtuka.

"Ni kila siku," Mignonne alimwambia. "Bwana anasema ni migodi mikubwa, wanapasua mawe."

Fundi alitazama nje, upande wa kilima cha migodi, kisha akatazama sakafu.

"Tia hii," Mignonne alisema. "Pale, karibu na kiti."

"Tata alikataza, mama."

"Ni mi ninakaa humu."

"Na akiuliza?"

"Utasema ni mi nilisema. Mi ni bibi yake, atanifanya nini zaidi?"

Kabemba aliifuta prizi ambayo haikuwa na vumbi. Alikuwa na binti wa umri wa mwanamke huyu. Mwishowe akapiga magoti, akachomeka mashine ya kutoboa kwenye waya mrefu uliotoka jikoni.

Mignonne alisimama karibu naye. Katika nyumba ile hakuwahi kuamua hata rangi ya pazia. Kigae kilipopasuka alifumba macho, kisha akayafumbua na kutabasamu peke yake. Vumbi la saruji lilipanda likamwingia puani, naye hakurudi nyuma.

Ghafla mashine ikazama mpaka mpini. Kabemba nusura aanguke kifudifudi.

"Ni nini?"

"Chini hakuna udongo, mama."

Akaizima, akaichomoa taratibu. Kwenye tundu ikatoka hewa ya moto yenye harufu ya jasho. Mignonne alipiga magoti, akainamisha kichwa hadi shavu likagusa kigae.

"Tata Polycarpe, ni wewe?" sauti ya mwanaume iliuliza kutoka chini. "Tufungulie basi, tulichoka kuchimba. Batoto betu banazani tulishakufa."