Kuni za Msiba

Siku hizi kila mkoa unazitia kuni zake dawa, na zikiwaka moshi unasema zimetoka wapi. Za hapa Singida zina moshi mweupe, na mzigo mmoja ni bei ya mbuzi. Za Njombe moshi wake ni wa kijani, na mzigo ni bei ya kiberiti. Ukikamatwa unachoma kuni za mkoa mwingine, jiko lako linafungwa mwaka mzima.

Nyamizi alifiwa na mama yake. Majirani tulikwenda, kila mmoja na kijiti chake kimoja, na maji ya ugali yakakataa kuchemka. Ndipo wifi yake Sekela, aliyefika na basi la Njombe, akafungua kanga. Ndani mlikuwa na mzigo mzima wa kuni.

"Wifi, unataka wanifungie jiko?"

"Kuni za msiba hazirudishwi," Sekela akasema, akazisukuma chini ya sufuria.

Moshi wa kijani ukapanda. Watu wakaanza kusogeza viti. Droni ya ukaguzi ilikuwa bado mtaa wa pili.

Mjumbe wetu akainuka mkekani, akaja hadi motoni. Mzee akachomoa ukuni wake kwapani.

"Huu nimeununua hapa hapa, kwa bei ya hapa," akasema kwa sauti. "Moshi wake utaufunika huo."

Akautia. Ukashika, ukatoa moshi wa kijani zaidi kuliko ule wa kwanza.

Hakuna aliyemtazama usoni. Mlio wa droni ukageuka, ukaanza kuja upande wetu.