Nafasi ya Mwenye Sweta

Bertilla alifika ufukweni Kipili akitweta, kapu la unga wa ulezi kichwani, akakuta boti imejaa. Bintiye alikuwa amejifungua juzi huko kisiwani, na boti nyingine ilikuwa mpaka Jumatatu.

"Imebaki nafasi moja tu, mama, na ina mwenyewe," nahodha alimwambia. "Kuna dada kanipigia simu nimsubiri mama yake anayetoka Sumbawanga. Kasema nitamjua tu, atakuwa kavaa sweta kwenye jua hili."

Bertilla alitua kapu. Sweta alikuwa amelivua njiani, gari lilipoanza kuteremka na joto kumzidia. Akalitoa chini ya unga, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Nahodha akamnyooshea mkono. "Shikamoo, mama. Tumekungoja sana."