Wimbo wa Kumlilia Nungunungu

Wanyama walimfungia Nungunungu pangoni maisha yake yote, kwa kosa la kula mayai ya Kanga. Aliapa kuwa si yeye mpaka sauti ikamkauka, wala hakuna aliyemsikiliza.

Haukupita muda, Chiriku akatunga wimbo wa kumlilia. Aliimba ngomani jinsi mwizi wa kweli alivyofuta nyayo zake kwa mkia, kisha akauchomeka mwiba wa Nungunungu kando ya kiota. Ngoma nzima ililia. Hata Nyati, hakimu aliyemhukumu, alijipangusa machozi akaenda kumtuza mwimbaji kibaba cha mtama. Mbweha naye alimtuza, mkia wake ameukunja vizuri. Kisha wote wakaenda kulala, na jiwe likabaki limeziba mlango wa pango.

Mke wa Nungunungu akamsogelea Chiriku.

“Mwanangu, hayo ya mkia nani alikuambia?”

“Niliona mwenyewe, mama. Nilikuwa juu ya tawi.”

“Na siku ya hukumu ulikuwa wapi?”

“Palepale, juu ya tawi.”

“Mbona hukusema?”

Chiriku aliendelea kudonoa mtama wake.

“Mama nawe! Angeachiwa, leo ningeimba nini?”