Kilio cha Kuazima

Mtoto alilia kwa nguvu, na Bosibori akamsogezea simu karibu na mdomo. Alifanya haraka, kwa sababu mtoto hakuwa wake.

"Haya, nimemsikia!" mama mkwe alipaza sauti kutoka Ugenya, Kenya, kana kwamba sauti ingefika Toronto kwa miguu. "Usiondoe simu. Acha nimwite."

Kwa kina Onyango, mumewe, mtoto mchanga akilia huitwa kwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Bosibori ni Mkisii na Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu, lakini desturi hiyo aliijua vizuri.

"Rachar?" Mtoto akazidi kulia. "Dibo?" Kilio kilekile. "Silwal?"

Kimya. Mtoto akapiga mwayo.

"Basi, ni Silwal," mama mkwe akasema. Bosibori alingoja vigelegele, ila mama alicheka kidogo tu. "Ana mapafu huyo! Baba yake alipozaliwa tulikuwa tunaona mdomo unafunguka tu, sauti hakuna."

Simu ilipokatika, Bosibori alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanawe alikuwa pale pale kando, ndani ya kisanduku cha kioo. Alikuwa amezaliwa miezi mitatu kabla ya wakati, na mpira wa kupumulia ulipita kooni mwake. Naye alikuwa analia. Uso ulikunjamana, ngumi zikatetemeka, na hakuna kilichosikika. Kibandiko kwenye kioo kilisema "Mvulana wa Bosibori", basi.

Khatija, Msomali wa Eastleigh, Nairobi, alirudi kutoka chumba cha kukamulia maziwa akamchukua mwanawe Abdirahman, ambaye sasa alikuwa na mashavu na alikuwa anakaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani.

"Amekusumbua?"

"Hata kidogo, dada."

"Allah akulipe kwa kuniangalizia."

Bosibori aliinamisha kichwa. Amelipwa tayari, alijiambia. Ameiba kilio cha mtoto wa mwenzake, na kwa kilio hicho amegawa jina la babu wa watu.

Siku iliyofuata alikuja Nkirote, mwanamke wa Kimeru kutoka kikundi cha akina mama weusi wanaozitembelea familia zenye watoto katika wodi ile. Binti yake mwenyewe alilazwa humo miaka ya nyuma. Alikuja na chupa ya uji wa wimbi, akammiminia Bosibori kikombe bila kumuuliza kama anataka.

"Nyumbani mmewaambia?"

"Wanajua amezaliwa. Hawajui yuko huku."

"Kwa nini sasa?"

Bosibori alikunywa uji kwanza. Mama mkwe alikuwa amemwonya aache zamu za usiku kule Scarborough, kwenye nyumba ya wazee, kuinua watu wazima kitandani akiwa na mimba. Naye alimjibu, kwa kiburi ambacho sasa kilimchoma, kwamba Kanada si Ugenya. Onyango, anayeendesha lori la masafa marefu kwenda magharibi, alimwomba sana asiwaambie nyumbani habari za hospitali, naye akakubali. Mimba yenyewe waliificha hadi ilipokuwa haifichiki, kwa hiyo hesabu ya miezi mama hakuwa nayo. Angalau ndivyo Bosibori alivyojipa moyo.

"Atasema nimemfukuza mtoto tumboni kwa tamaa ya kazi," alisema. "Na atakuwa na haki."

"Daktari amesema ni kazi iliyomleta?"

"Hapana. Amesema hajui."

"Basi wewe umejuaje?" Nkirote akaongeza uji. "Mimi mama yangu nilimwambia siku tulipotoka hospitali. Hakunikasirikia juu ya mtoto, wallahi. Alinikasirikia kwa kulia peke yangu. Piga simu, my dear."

Hakupiga. Aibu ilimshika mkono. Abdirahman akaenda nyumbani amefungwa blanketi la manjano, na Khatija akamkumbatia Bosibori kama ndugu, jambo lililomwumiza zaidi. Kisha asubuhi moja ya theluji alifika wodini kwa basi kutoka mtaani kwake, Jane na Finch, akakuta mpira umetolewa. Nesi akamweka mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi. Mtoto akalia. Ilikuwa sauti ndogo ya kukwaruza, ya bawaba inayohitaji mafuta, na Bosibori hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Simu ikaita. Ugenya.

"Mama," alisema, na machozi yakamtangulia. "Yule wa siku ile hakuwa wetu. Wetu alizaliwa kabla ya wakati. Hakuwa na sauti. Nilikudanganya, mama. Nilikuonea aibu."



"Nyar Kisii," mama mkwe akasema taratibu, maana ndivyo alivyomwita kila siku, binti wa Kisii. "Huyo ninayemsikia ndiye?"

"Ndiye."

"Msogezee simu."

Bosibori akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, kama manesi walivyoagiza, akaisogeza.

"Odera?" Bawaba ikakwaruza. "Okumu?" Ikakwaruza tena. "Ogola?"

Mtoto akanyamaza. Akabandika shavu lake kifuani kwa mama yake, akatulia.

Vigelegele vilivyotoka Ugenya vilimfanya nesi ageuke. Bosibori alicheka na kulia pamoja, kisha aibu ikamrudia.

"Na Silwal, mama? Jina la mzee wenu nimelitoa kwa mtoto wa watu. Nifanye nini?"

"Mzee gani? Miezi niliihesabu mwenyewe, na mtoto wa miezi sita halii vile. Silwal ni maksai wangu wa kulimia, na Rachar na Dibo ni wenzake. Ulidhani ningewaamsha wazee wa boma hili kwa ajili ya mtoto wa jirani?"