Yule Mtu Amenunua Viatu

"Leo amevaa viatu vipya," fundi saa alisema kwenye simu. "Vya kahawia."

Alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, mikono ikifungua saa ya mteja. Nje ya kioo cha kibanda chake watu walipita na kurudi.

"Viatu vipya!" Mama yake aliguna. "Anajipamba, muuaji mkubwa, na wewe unamtazama tu. Hizo ndevu umefuga za nini, mwanangu?"

"Namvizia, mama. Haraka haraka haina baraka."

"Baraka gani ya miaka thelathini!"

Mama alipiga simu kila Jumapili saa nne asubuhi, bila kukosa. Yule mtu, mwenye kovu kwenye paji la uso, alikuwa rafiki wa baba, na ndiye aliyemuua. Mahakama ilimwachia huru kwa kukosa mashahidi. Mama akaapa mbele ya jeneza, mkono juu ya kichwa cha mwanawe wa miaka kumi na mmoja: "Sifi mimi mpaka huyu awe mwanamume, amlipizie baba yake." Na mama yule akisema kitu, amekisema. Tangu siku hiyo hakuugua hata mafua.

Mtoto alikua, akahamia mji wa yule mtu, akafungua kibanda mtaa uleule. Hakuoa, maana mama alisema mwanamume haanzi nyumba yake kabla hajaitengeneza ya baba yake. Marafiki hakuwa nao. Rafiki huuliza maswali. Zamani, siku moja, alimfuata yule mtu hadi mlango wa benki, kisu mfukoni. Badala ya kuchomoa kisu, alimshikia mlango apite.

"Asante, kijana," yule mtu alisema.

Aibu ya siku ile haikumtoka. Mama hakuambiwa. Aliambiwa habari nyingine: yule mtu amenenepa, amegombana na muuza magazeti, mgongo unamsumbua. Mama alizipenda habari hizo. Siku hizi alisahau hata kufoka.

"Mgongo wake je?"

"Anatembelea fimbo sasa."

"Maskini we!" Kisha mama akakumbuka. "Afe vibaya!"

Wakacheka wote wawili. Kwa fundi saa, wiki nzima ilikuwa ni ile nusu saa. Baada yake hakuongea na mtu ila wateja, tena kuhusu betri na mikanda.

"Ukishaimaliza kazi hii," mama alimuuliza siku moja, "mimi na wewe tutaongea nini tena?"

Fundi saa akamwambia yule mtu amebadilisha fimbo.

Mwaka huu mama akaanguka bafuni. Fundi saa alifunga kibanda, akasafiri kutwa nzima, akamkuta kitandani kwake, amebaki mifupa.

"Bado?" mama alinong'ona.

Alitamani mno kusema amemaliza, ili walau mara moja awe mwanamume machoni pa mama yake. Lakini alikikumbuka kile kiapo, akaogopa.

"Bado, mama. Anapumua. Usiende popote."

"Usiharakishe, baba." Mama alimpapasa mkono. "Tutaongea Jumapili."

Alikufa Alhamisi.

Baada ya mazishi watu walitawanyika, akabaki peke yake na ile nyumba. Akaliinua godoro ili alianike juani. Chini yake palikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, kimegeuka njano: tangazo la kifo, la miaka sita iliyopita, na picha ya mwanamume mwenye kovu kwenye paji la uso.

Fundi saa hakulisoma. Kama hilo alikuwa nalo kwenye droo ya meza yake ya kazi, tangu siku lilipotoka.