Soda ya Mama Mkwe

Mkono wa kushoto wa mama mkwe ulikuwa ukirukaruka juu ya blanketi kama kuku aliyechinjwa. Nchagwa aliuona kupitia mlango uliokuwa wazi, akainamisha macho haraka. Kwa Wakurya, mwanamume haingii chumba anacholala mama wa mkewe, wala hamgusi.

Mkewe alikuwa ameenda mnadani. Aliacha neno moja: "Mama akitetemeka, ujue sukari imeshuka. Mpe soda."

Basi akachukua soda mbili, moja akaitia mfukoni, nyingine akaifungua, akaisogeza hadi kitandani kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe.

"Mkwe wangu," sauti nzito ilitoka ndani, "ikishuka huwa natoka jasho. Leo nimekauka. Tangu juzi nakunywa maji tu, kiu haiishi."

"Kunywa, mama. Itatulia."

Akanywa yote kwa pupa. Chupa tupu ikaviringika hadi kizingitini.

Nchagwa alipoinama kuiokota, aliwaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mrefu, wakielekea chini ya kitanda, kwenye beseni la haja ndogo, na ukingo wake wote ulikuwa mweusi kwa sisimizi. Akajiambia kuwa labda soda imemwagika.

Kitanda kikaanza kugonga ukuta. Sasa haukuwa mkono tu. Mwili mzima ulikuwa ukitupwa huku na huku.

Nchagwa akavua kofia. Akavunja mwiko wa baba zake, akaingia, akakiegemeza kichwa cha mama mkwe kifuani mwake, taratibu, kama anayebeba mtoto mchanga.

Kisha, kwa meno, akafungua soda ya pili.